Bingwa anapochukiwa: Miaka 50 baada ya usiku wa Kinshasa

RUBAVU – Jumatano, Oktoba 30, 2024, ilitimia miaka 50 tangu Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Kwa watu wa Gisenyi wanaovuka kwenda Goma kila siku, pambano hilo si hadithi ya nchi za mbali. Lilipiganwa kwa jirani, wakati nchi hiyo ikiitwa Zaire chini ya Rais Mobutu Sese Seko, na kelele zake bado zinajulikana pande zote mbili za mpaka: "Ali, boma ye!"

Kwa sikio la Mswahili, boma ni uzio wa mifugo au ofisi ya serikali. Kwa Kilingala, "boma ye" maana yake ni "muue". Alfajiri ile, watu wapatao 60,000 waliojaa Uwanja wa Mei 20 walikuwa wakimtaka Ali amuue mtu ambaye miezi michache kabla hawakuwa na ugomvi wowote naye.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alikuwa amepigana mara 40 na kushinda zote, 37 kwa nokauti. Hakuwa amemdhulumu Mkongomani hata mmoja. Kwa nini basi uwanja mzima ulitaka aanguke?

Swali hilo linawagusa mabondia wa kanda yetu leo. Linamgusa pia mama anayepanga foleni Petite Barrière na beseni lake la nyanya, kwa sababu biashara ndogo ya mpakani, kama masumbwi, huendeshwa kwa jina kuliko kwa karatasi. Mwenye jina zuri Goma hupewa mzigo leo akalipa kesho. Aliyechafuliwa jina hulipa taslimu kabla hajagusa gunia, hata kama aliyemchafua alisema uongo.

Bingwa aliyeshuka na mbwa

Foreman alifika Zaire Septemba 1974 akiwa na mbwa wake, mkubwa, wa aina ile inayotumiwa na polisi. Kwake huyo alikuwa mwenzake wa safari. Kwa Wakongomani, waliokuwa na miaka 14 tu ya uhuru, alikuwa mbwa wa askari wa Kibelgiji. Watu wazima waliokuwa wakitazama waliwakumbuka mbwa wa namna hiyo, na waliwakumbuka kwa ubaya. Hakuna aliyemweleza bingwa jambo hilo kabla hajapanda ndege.

Ali hakuiacha nafasi hiyo. Inasimuliwa kwamba alipofika aliuliza watu wa nchi hiyo wanamchukia nani zaidi. Alipojibiwa kuwa ni Wabelgiji, akatangaza kuwa Foreman ni Mbelgiji. Ulikuwa mzaha, kwani Foreman alikuwa Mmarekani mweusi kama yeye, mzaliwa wa Texas aliyekulia katika umaskini. Lakini mzaha ulikuta mbwa amekwisha kufika, na ukaaminika.

Kisha likaja jambo ambalo halikupangwa. Septemba 16, siku tisa kabla ya tarehe ya kwanza ya pambano, Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Pambano likasogezwa mbele kwa wiki tano. Waandishi wa habari kutoka kila pembe ya dunia wakabaki Zaire bila pambano la kuandika, huku wahariri wao wakidai habari kila siku.

Hapo tofauti ya mabondia hao wawili ikaonekana. Ali alikuwa N'Sele, kando ya mto Congo, akikimbia na watoto, akiongea na kila mpita njia, akitunga tambo mpya kila asubuhi. Foreman alihamia hoteli ya Inter-Continental mjini. Majibu yake yalikuwa mafupi na uso wake haukufunguka. Ukali huo aliuiga kwa Sonny Liston, bingwa wa zamani aliyewahi kufanya naye mazoezi, ambaye naye hakupendwa. Liston alipotwaa ubingwa Septemba 1962 na kurudi Philadelphia, hakukuta umati uwanja wa ndege. Alikuwa amejiandaa kuwahutubia watu ambao hawakuja.

Mwandishi anayehitaji habari kila siku humpenda anayempa maneno, na wiki tano ni muda mrefu. Kufikia Oktoba 30 dunia ilikuwa inaijua Kinshasa kwa macho ya Ali. Hata vitu vilivyobaki baada ya pambano vilisimulia upande huo: kitabu cha Norman Mailer kilichotoka mwaka 1975, na baadaye filamu ya When We Were Kings ya mwaka 1996. Katika zote mbili Ali ndiye anayesikika, na Foreman ni ukuta anaopaswa kuubomoa.

Foreman aliangushwa raundi ya nane. Aliporudi Marekani akaanza kutafuta sababu. Alisema kamba za ulingo zililegezwa. Alisema mwamuzi alihesabu haraka. Alidai hata maji aliyopewa kabla ya pambano yalikuwa na kitu ndani yake. Kila sababu ilimwongezea dharau. Bingwa ambaye watu hawakumpenda alipokuwa hashindiki, sasa walimcheka kwa kushindwa.

Viatu vya Liverpool

Mashabiki wa ngumi wa Afrika Mashariki wana mfano wa karibu zaidi.

Septemba 8, 2018, Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alipanda ulingoni Birmingham, Uingereza, akiwa ameitwa kuziba pengo. Mwenyeji wake, Sam Eggington, ndiye aliyetarajiwa kushinda. Mwakinyo alimmaliza raundi ya pili. Tanzania ilimpokea kama shujaa, na alipokwenda Nairobi Machi 2019 kumchapa Muajentina Sergio Gonzalez, sifa zake zikavuka mpaka wa Namanga.

Miaka minne baada ya Birmingham alirudi Uingereza. Septemba 3, 2022, mjini Liverpool, alikutana na Liam Smith, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Raundi ya nne Mwakinyo alipiga goti akionyesha maumivu ya mguu, na mwamuzi akamaliza pambano. Baadaye alieleza kuwa begi lake la vifaa lilipata matatizo safarini na viatu alivyovaa havikumfaa.

Huenda kila neno la maelezo hayo lilikuwa kweli. Mizigo hupotea na viatu hubana. Lakini mitandaoni viatu vikageuka wimbo. Watu ambao hawakuwahi kuvaa glovu walipiga picha za viatu vyao na kumtumia salamu. Katika mijadala ya redioni, swali halikuwa tena kama Smith ni bondia bora. Swali lilikuwa kama Mwakinyo ni mtu wa kuaminika.

Mwaka uliofuata mambo yakazidi. Alitarajiwa kuzichapa na Julius Indongo wa Namibia jijini Dar es Salaam Septemba 29, 2023. Alijitoa, akilalamikia kukiukwa kwa makubaliano ya mkataba. Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania ikamfungia mwaka mmoja. Kwa upande wake, bondia alikuwa anadai haki yake kama mfanyakazi yeyote mwenye mkataba. Kwa upande wa aliyekata tiketi, mtu mwenye ahadi hakutokea. Januari 27, 2024, alipanda tena ulingoni, safari hii Zanzibar, na kumshinda Mbiya Kanku. Ushindi huo haukuwanyamazisha wote.

Mshindwa anayependwa

Sasa mlinganishe na Karim Mandonga, maarufu kama Mandonga Mtu Kazi. Julai 2022, muda mfupi tu kabla ya safari ya Mwakinyo kwenda Liverpool, Mandonga alipigwa na Shaaban Kaoneka mjini Songea baada ya tambo ambazo nchi nzima ilizisikia. Kipigo hicho hakikumpunguzia mashabiki. Kilimwongezea.

Mandonga aliendelea kuzipa ngumi zake majina na kuzitangaza kama dawa mpya sokoni. Januari 14, 2023, alikwenda Nairobi na ngumi aliyoiita Sugunyo na kumshinda Daniel Wanyonyi. Waliporudiana Nairobi mwaka huo huo, Wanyonyi akalipiza kisasi. Mashabiki wa nchi zote mbili walicheka mara zote mbili, na promota hakukosa watu mlangoni.

Kwa rekodi na kwa uwezo, Mwakinyo na Mandonga hawalinganishwi. Mmoja amewahi kupigana na watu wa tabaka la dunia na mwingine ni mburudishaji aliyevaa glovu. Inashangaza basi kuona nani alisamehewa na nani alihukumiwa, mpaka mtu atazame kila mmoja aliuza nini.

Mandonga aliuza kicheko. Akishinda, watu wanacheka. Akipigwa, wanacheka zaidi. Mteja aliondoka na alicholipia. Mwakinyo, kwa sababu ya Birmingham, aliuza kitu cha bei ya juu zaidi: kwamba Mtanzania anaweza kwenda ugenini na kumpiga mwenyeji nyumbani kwake. Bidhaa ya namna hiyo isipofika, mteja hafikirii tena begi wala viatu. Anajiona ametapeliwa.

Ndivyo ilivyo kwa mabingwa wengi. Hasira ya mashabiki hulingana na ahadi waliyodhani wamepewa. Wale ambao hawakuahidiwa kitu hawana cha kudai.

Chuki isiyo na kosa

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kusema kila bingwa anayechukiwa amejitakia.

Jack Johnson alipokuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, mjini Sydney Desemba 26, 1908, magazeti ya Marekani yalianza kumtafutia mzungu wa kumpiga. Alipompiga James Jeffries mjini Reno Julai 4, 1910, ghasia zilizuka katika miji mingi na watu wakauawa. Mwaka 1912 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo moja hadi jingine. Tabasamu lisingemsaidia Johnson. Wala ukimya usingemsaidia. Kilichochukiwa ni ngozi yake juu ya kiti kile.

Ali mwenyewe, ambaye leo hakuna anayemsema vibaya, alipitia njia hiyo. Alipobadili jina mwaka 1964, magazeti mengi yaliendelea kwa miaka kumwita Cassius Clay. Alipokataa kuingia jeshini Aprili 28, 1967, wakati wa vita vya Vietnam, alivuliwa ubingwa na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitano. Hakukitumikia, kwani alikata rufaa, na Mahakama ya Juu ikamfutia hatia mwaka 1971. Lakini alikuwa amepoteza miaka ya ujana wake wa ulingoni.

Na hata pendo la Afrika kwake lilikuwa na masharti. Februari 1980, Rais Jimmy Carter alimtuma Ali katika nchi kadhaa za bara hili, ikiwamo Tanzania, kuzishawishi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu ya Warusi kuingia Afghanistan. Dar es Salaam ilimshangilia bondia, lakini haikumpokea mjumbe. Mwalimu Julius Nyerere alikataa kumwona. Waandishi wa habari walimuuliza kwa nini Tanzania iisikilize Marekani, wakati Marekani haikuiunga mkono Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Ali alikiri kuwa hakuelezwa hayo kabla ya safari.

Tanzania ilikwenda Moscow na kurudi na medali mbili za fedha, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Kenya ilisusia. Mtu yuleyule aliyebebwa na Kinshasa nzima mwaka 1974 alijikuta Dar es Salaam akijibu maswali magumu, kwa sababu safari hii alibeba mzigo wa mtu mwingine bila kuufungua kutazama kilichomo. Msafiri yeyote wa mpakani anajua hatari ya jambo hilo.

Miezi minane baadaye, Oktoba 2, 1980, Larry Holmes alimpiga Ali aliyekuwa amechoka na mwenye miaka 38. Holmes alilia baada ya pambano. Alikuwa bingwa halali na alifikisha mapambano 48 bila kushindwa, lakini wengi hawakumsamehe kwa kumpiga mzee waliyempenda. Alichofanya kilikuwa kazi aliyolipwa kuifanya.

Chuki kama bidhaa

Kuna pia aliyeamua kuiuza chuki yenyewe. Floyd Mayweather alianza kazi akiitwa "Pretty Boy", kijana mzuri wa sura na wa mtindo. Mwaka 2006 alilipa dola 750,000 kujitoa katika mkataba na promota wake, akajisimamia. Kufikia pambano lake na Oscar De La Hoya Mei 5, 2007, alikuwa amejitengeneza upya kuwa mtu wa matusi, noti mkononi na majigambo. Wengi walinunua pambano wakitaraji kuona akipigwa.

Hawakuona. Mei 2, 2015, pambano lake na Manny Pacquiao lilinunuliwa mara milioni 4.6 Marekani, na aliondoka na zaidi ya dola milioni 200. Alistaafu na mapambano 50, yote ameshinda. Fedha yake haikujali kama aliyeitoa alikuja kushangilia au kuzomea.

Lakini hata hapo pana mpaka. Mwaka 2012 Mayweather alifungwa kwa kumpiga mama wa watoto wake. Chuki ya namna hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kuuza tiketi. Ilitokana na kitendo, na mataji hayaifuti. Shabiki anayetaka kuwa mwadilifu inabidi ajiulize: bingwa huyu namchukia kwa alichofanya, kwa alichoahidi, au kwa nilichoambiwa juu yake?

Waandishi wa habari wana swali lao pia. Bondia asiyependa kuongea hapaswi kuandikwa kama mwenye kiburi, na mwenye tambo hapaswi kuandikwa kama shujaa. Anayeahirisha pambano ana upande wake wa kusikilizwa. Mkataba una kurasa, na shabiki huoneshwa bango tu.

Foreman alivyorudi

Kati ya wote hao, aliyefanikiwa kulisafisha jina lake ni yuleyule wa mbwa.

Foreman aliacha ngumi mwaka 1977 baada ya kushindwa na Jimmy Young, akawa mhubiri Houston. Alikaa nje ya ulingo miaka kumi. Aliporudi mwaka 1987, alikuwa mnene, kipara na mwenye kucheka. Waandishi walipomtania kwa unene wake, yeye aliwatangulia kwa mzaha mkubwa zaidi. Aliwapa muda. Aliwajua kwa majina.

Kubwa zaidi, aliacha kutafuta sababu. Habari za kamba, mwamuzi na maji aliziweka kando. Akasema waziwazi kwamba Kinshasa alishindwa na mtu aliyekuwa bora kuliko yeye usiku ule, na yeye na Ali wakawa marafiki.

Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer raundi ya kumi mjini Las Vegas na kurudisha ubingwa wa dunia. Alivaa bukta ileile aliyoivaa Kinshasa. Ukumbi uliomshangilia ulikuwa unamshangilia mtu ambaye miaka 20 kabla usingempa hata mkono. Baada ya hapo jina lake likawekwa kwenye jiko dogo la umeme la kuchomea nyama, na majiko hayo yakauzwa zaidi ya milioni 100. Mwaka 2024 alikuwa na miaka 75.

Ngumi zake hazikuwa zimebadilika sana. Zilikuwa nzito vilevile. Kilichobadilika ni kwamba alianza kujieleza mwenyewe badala ya kumwachia mwingine kazi hiyo, na deni la Kinshasa alilikiri badala ya kulikwepa. Mfanyabiashara aliyechelewa kulipa anaijua tofauti hiyo. Anayevuka mwenyewe asubuhi kumwambia tajiri wake wa Goma kwamba mzigo umeoza na fedha haijatimia, huenda akakaripiwa, lakini kesho atapewa tena. Anayezima simu, hata kama mzigo umeoza kweli, huwa ameacha wengine wamsimulie.

Machi 24, 1997, filamu ya When We Were Kings ilipewa tuzo ya Oscar mjini Los Angeles. Ali, ambaye ugonjwa ulikuwa umemdhoofisha, aliitwa jukwaani. Foreman, ambaye katika filamu hiyo ndiye anayezomewa tangu mwanzo hadi mwisho, alikwenda naye, akamshika mkono na kumsaidia kupanda ngazi.